Mwenyekiti Aliyekataa Kubonyeza

Mwenyekiti mwenyewe hakuwa mtu wa kutazama tivi. Naanza hapo kwa sababu ndipo watu wa ploti yetu walipoanzia walipomgeukia, na mimi sijasahau nani alisema nini. Akaunti ya filamu ilikuwa kwa jina lake. Waifai ilikaa kwake, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama jagi la maziwa. Lakini jioni ungemkuta ameketi mlangoni na redio ya betri, anasikiliza matangazo ya vifo, na tivi nyuma yake inawaka bila sauti. Ukimuuliza anatazama nini alikwambia, "Nalinda."

Tulidhani analinda stima isiishe.

Hakuna mtu aliyempigia kura. Ploti iko Uthiru, chini ya Waiyaki Way, nyumba za chumba kimoja zimetazamana, mfereji wa kuchotea maji katikati, na palipo na mfereji mmoja lazima mtu mmoja asikilizwe. Sauti yake haikuwa kubwa. Alikuja tu akasimama kati ya wanaogombana, mikono amekunja, anaangalia ndoo. Halafu akasema, "Hapa si kwa serikali. Hapa tunaulizana." Basi mnaona aibu, mnapanga foleni. Jina la Mwenyekiti lilitokea hapo, na jina la kitambulisho chake nilikuja kulijua baadaye sana, kwa shida nitakayosimulia, na sitaliandika.

Hakupokea samahani. Ukimkosea ukaja kuomba msamaha alikwambia, "Samahani peleka kanisani. Mimi niambie utatengeneza lini." Alikuwa mpishi wa shule moja huko Parklands, karibu na hekalu, na alijua kupika dengu bila kitunguu kwa sababu kuna watoto ambao kwao hawali kitunguu. Alipika kwa masufuria makubwa ungeweza kuoshea ng'ombe, halafu anarudi nyumbani anakunywa chai ya rangi na mkate. Nilimuuliza siku moja kwa nini hajipikii. Akasema, "Nimenusa chakula siku nzima, Mama Mwende. Nimeshiba na pua."

Kanisani alikuwa mkali. Aliwahi kukataa kusoma tangazo la harambee kwa sababu waliandika paa limevuja lote na yeye alijua limevuja upande mmoja. Lakini mtu huyohuyo alidanganya kampuni ya filamu bila kupepesa. Walimuuliza kwa simu ni watu wangapi wanatumia hiyo akaunti, akajibu, "Ni mimi na watoto wangu," huku Njoroge, askari wa geti mwenye ndevu za mvi, amesimama pale mlangoni anangoja namba ya siri.

Mimi alinipokea nilipotoka Uarabuni. Nilienda huko kufanya kazi ya nyumba na nikarudi na mkono ulioungua pasi, na aliyeniunguza hakuteleza. Aliyenipeleka ni Boniface, ana ofisi mjini, ghorofa ya juu, ngazi nyembamba zinanuka supu. Aliyenitoa hapa kunipeleka kwa Boniface ni Purity, mwenye duka kwa geti la ploti yetu. Nawataja. Nilipokaa kimya hawakupata aibu, kwa hivyo sioni faida ya kukaa kimya. Niliporudi watu wote walikuja kuangalia mkono. Walileta maswali, wengine wakaleta simu wapige picha. Mwenyekiti alileta ufagio. Akasema, "Fagia kwanza. Ukimaliza kufagia utajua utaweka kitanda wapi." Nikafagia. Ndiyo siku ya kwanza nilipumua.

Sasa nieleze hiyo akaunti. Kampuni siitaji, wana mawakili na mimi nina karai la kufulia. Wanakupa akaunti moja na ndani yake vyumba vitano, kila chumba na jina na kikatuni chake, ili kila mtu wa nyumba awe na filamu zake. Sisi tulikuwa nyumba nyingi kuliko vyumba, kwa hivyo watu walipanga pamoja kama wanavyopanga keja ya kulala. Mimi nilipanga na fundi cherehani na wenzake wawili. Wengine walibanana kwa vyumba viwili. Njoroge alikaa peke yake kwa sababu hakuna aliyetaka filamu zake za bunduki zimfuate. Kila nyumba ilichanga kidogo, Mwenyekiti analipa. Na kwa kuwa si wote wanaweza kutazama kwa wakati mmoja, jioni ungesikia mtu anaita kutoka upande wa choo, "Nani ako kwa nafasi yangu?" na mwingine anajibu, "Ngoja wazikwe hawa, nakuachia."

Chumba cha tano kiliandikwa Nekesa, na kikatuni cha pengwini. Hicho hakuna aliyeruhusiwa kugusa. Nekesa ni binti wa Mwenyekiti, wa pekee. Ndiye aliyemfungulia mama yake hiyo akaunti, halafu akaenda Uarabuni kwa mkono wa Purity na Boniface. Alipokwenda mimi bado nilikuwa huko. Sikuwa hapa wa kumkataza. Purity akiulizwa habari zake alisema, "Ako sawa, ni kazi tu mingi." Mwenyekiti alisikia hivyo. Alinunua chumvi akaenda.

Halafu kampuni ikabadilisha sheria. Meseji ilikuja kwa simu yake na kwa kila tivi: akaunti moja, nyumba moja. Mwenye akaunti abonyeze kuthibitisha nyumba yake, na tivi zote zilizo nje ya nyumba hiyo zitafungiwa. Asipobonyeza, baada ya muda kampuni itamchagulia nyumba yenyewe. Wakati wa kungoja, tivi za nje zinasumbuliwa na maandishi kila mara, ukitaka kuona mtu amemuua nani, unaonyeshwa onyo.

Ploti iliitisha mkutano pale mfereji. Njoroge alikuwa ameshafanya utafiti wake.

"Mwenyekiti, ni kubonyeza tu," alisema. "Ukibonyeza, Jumapili tukitoka kanisa kila mtu anabeba tivi yake, analeta hapa kwako, inashika hii waifai yako kidogo, inakuwa ya nyumba yako. Ikianza kusumbua tena, tunabeba tena. Nimeuliza fundi wa simu Kangemi. Wanafanya hivyo ploti mzima."

"Kama ubatizo," fundi cherehani akasema.

"Ubatizo wa kila mwezi, lakini ni ubatizo."

Watu walicheka. Mwenyekiti hakucheka. "Sibonyezi," alisema.

"Kwani shida ni gani?"

"Hakuna shida. Sibonyezi."

"Si basi utupe sababu. Wewe ndio husema hapa tunaulizana."

"Mmeuliza. Nimejibu."

Purity alikuwa ametoka dukani kusikiliza, anakula njugu. "Na hata hatazami," alisema. "Mtu hali, na hataki wengine wale."

Mwenyekiti alimwangalia Purity muda mrefu, kama mtu anayesoma bei. Akaingia ndani akafunga mlango.

Nimewahi kuona ploti ikigawanyika kwa maji na kwa siasa, lakini hii ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu kila mtu alikuwa na jioni zake za kupoteza. Mimi mwenyewe nilikasirika. Nilikuwa nafua nguo za watu Muthangari toka asubuhi, kwenye maghorofa ya lifti ambazo sisi wa karai hatupandi, na kitu pekee kilichonitoa kichwani mwangu ni ile filamu ya jioni. Bila hiyo nakaa na mkono wangu naukumbuka.

Wakaanza kuondoka kwenye akaunti. Kampuni kama hizi zinafanya hesabu zao mahali mbali, wanaona namba inashuka hapa inapanda pale, nadhani wanafurahi au wananuna. Mimi niliona kwa macho. Fundi cherehani alirudi kwa yule kijana wa flashi anayeuza filamu za wizi pale stendi, na wenzangu wawili wakamfuata. Mama mmoja alisema heri alale. Wengine walihamia kampuni nyingine ya bei nafuu yenye matangazo ya sabuni. Njoroge aliapa heri jela kuliko kampuni kupata hata ndururu yake, na wiki hiyohiyo akalipia kifurushi chake mwenyewe cha simu, anatazama chini ya blanketi sauti chini, tunasikia bunduki zake. Kwa hivyo kampuni ilipoteza ploti nzima na ikampata Njoroge.

Lakini kabla aondoke Njoroge alifanya jambo. Alichukua rimoti, akaingia pale pa kubadilisha jina la chumba chake, akafuta Njoroge akaandika: Mwenyekiti Mchoyo. Akaacha hivyo. Kila tivi iliyobaki kwenye akaunti, ukiwasha, inakuuliza nani anatazama, na hapo kati ya vikatuni unaona Mwenyekiti Mchoyo, chini ya mdudu mwenye miwani.

Nilienda kwake jioni iliyofuata. Nilitaka kumwambia nami naitoka akaunti, nimwambie usoni. Nilimkuta hana redio. Ameketi karibu na tivi kama mtu anayeota moto. Sikuona amekasirika, na nikajua hilo tusi si kitu kwake.

"Funga mlango, Mama Mwende," alisema. "Wewe ulikuwa huko. Nisomee hii."

Akafungua chumba cha Nekesa. Ndani kulikuwa na katuni nyingi za watoto, na mchezo mmoja tu wa Kiswahili, wa hapa kwetu, wa mama mkwe na wakwe zake. Chini ya picha ya mchezo kuna kamstari kekundu kanakoonyesha mtu amefika wapi.

"Simu yake ilizimika zamani," alisema. "Boniface aliniambia ametoroka kwa mwajiri, niache kumsumbua ofisini. Lakini alipokuwa bado na simu aliniambia ameweka hii akaunti kwa tivi ya hao watu, watoto watazame katuni, mama wa nyumba akafurahi. Sasa angalia. Hii ya Kiswahili watoto wa huko wanaitazama ya nini? Na inasonga. Kila siku mbili tatu inasonga kidogo."

Niliangalia. Ilikuwa imesonga vipande vifupi, vifupi.

"Anapiga pasi," nilimwambia. "Tivi inakuwa kwa chumba cha kupigia pasi ama karibu nacho. Hapo ndio unaweza kuiba macho. Anatazama kwa muda wa shati moja, anazima."

"Kwa hivyo ako hai."

"Ako hai. Na amesimama kwa miguu yake."

Alitoa pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika toka simu izimike. Ndipo nikaelewa kwa nini habonyezi. Akithibitisha nyumba ya Uthiru, tivi ya Uarabuni inafungwa, na kale kamstari kanasimama, na hatajua tena. Na hangeweza kueleza pale mfereji, kwa sababu Purity anasikia, Purity anamwambia Boniface, Boniface anampigia mwajiri, na mwajiri anachomoa waya. Alikubali aitwe mchoyo na watu aliowapangia maji. Mimi, niliyetukanwa kidogo tu maishani mwangu nikazeeka kwa hasira, sijui kama ningeweza.

"Lakini watabonyeza wenyewe," alisema. "Wamesema. Mwisho wa mwezi."

Akarudi nyuma kwenye ile skrini ya vikatuni, nasi sote wawili tukamwona mdudu mwenye miwani. Mwenyekiti Mchoyo. Halafu mimi nikasema, polepole, maana nilikuwa naogopa nikisema haraka itapotea, "Hii Njoroge ameandika, wote tumeiona kwa tivi zetu."

"Wote."

"Si Nekesa naye ameiona?"

Mwenyekiti alichukua rimoti. Alikuwa na vidole vya kupika, vinene, na hizo herufi unazitafuta moja moja. Nilimwambia aandike kwamba Nekesa atuambie mtaa na jina la mwajiri. Akasema atauliza anachotaka yeye. Akafuta tusi la Njoroge, akaandika: Unakula?

Siku ya pili haikuwa na kitu. Siku ya tatu niliporudi kutoka Muthangari aliniita kwa mkono, hakutumia sauti. Chini ya mdudu paliandikwa: Kidogo.

Sijawahi kuona mpishi akilia hivyo. Alilia huku anacheka, anapangusa skrini na leso kama imepata vumbi.

Baada ya hapo hatukungoja. Vyumba vya watu waliohama vilikuwa vitupu. Kama wangebaki wote, pangekuwa na nafasi gani ya kuandika? Chumba kimoja kinabeba maneno mawili matatu tu. Lakini sasa tulikuwa na vinne vitupu, na tukiviandika kwa mstari vinasomeka kama barua: Andika mtaa. Jina la mwajiri. Rangi ya geti. Tunakuja. Chumba cha Nekesa, ambacho watoto wa mwajiri wanatazamia katuni, hatukukigusa, wasije wakaita mama yao. Kila jibu lilikuja kwa vipande, na tukishalisoma Mwenyekiti analifuta, anarudisha majina ya kawaida. Nekesa alituandikia mtaa. Alituandikia jina la ukoo wa mwajiri, alilikosea mara moja akalirekebisha. Siku moja, bila kuulizwa, aliandika: Mguu umepona. Mama yake alikaa na hilo siku nzima kazini, maana hatukujua mguu ulikuwa umeumia.

Tulienda mjini mimi na yeye. Boniface alitukuta kwenye ngazi, anashuka. "Mama, si nilikuambia huyo msichana alitoroka?"

Mwenyekiti alimwambia mtaa. Akamwambia jina la mwajiri. Akamwambia geti ni la kijani na kuna msikiti nyuma. Alisema polepole, kama anasoma menyu ya shule.

"Nani amekuambia hiyo?" Boniface aliuliza.

"Wewe umesema ametoroka. Mimi nakwambia yuko pale ulipomweka. Sasa tunaenda na nani, wewe ama wale wa serikali?"

Boniface alianza na samahani. Nilimwona Mwenyekiti akifunga macho. "Hiyo peleka kanisani," alimwambia. "Mimi niambie lini."

Hakutuambia lini, kwa hivyo tulienda kwa wale wa serikali, na kwa mama mmoja wa shirika linalosaidia wasichana kama sisi, na huko ndiko Mwenyekiti alipotoa kitambulisho nami nikajua jina lake. Walichukua mtaa na jina wakasema watapiga simu huko. Mwisho wa mwezi kampuni ilimchagulia nyumba yake ya Uthiru, kama ilivyoahidi. Kale kamstari kalisimama katikati ya mama mkwe anapika ugali. Zile wiki za kungoja sitaziandika, sitaki kuzikaa tena. Mwenyekiti alienda kazini, akarudi, akanywa chai. Halafu simu ililia saa ya mchana, namba ndefu ya nje, na alikuwa jikoni Parklands na mikono ina unga, akapokea kwa kiwiko. Nekesa alikuwa amekaa kwenye nyumba ya hifadhi ya wafanyakazi waliotolewa kwa waajiri, karatasi zake zinatengenezwa. Walikuwa wamemtoa kwa geti la kijani mchana kweupe.

Purity aliuza duka akaenda. Boniface bado yuko mjini, amehama mtaa tu na kubadilisha kibao, nimekiona. Njoroge alipoelezwa yote alikuja kwa Mwenyekiti amevaa shati la Jumapili. Alisema, "Ungeniambia, singeandika ile kitu." Akamjibu, "Usingeandika, ningekuwa wapi?" Akampa chai. Sijui Njoroge alienda na lawama au shukrani. Alitoka anakuna ndevu.

Nekesa aliporudi, yeye na mama yake walihama Uthiru. Hatukuwa watu wa kupigiana simu kila saa. Miaka ikapita kidogo. Mwezi uliopita nilikuwa Parklands kupeleka mapazia niliyofua, nikamwona Mwenyekiti kwa kituo cha basi cha hospitali, ameketi kwenye ukuta mfupi na kikapu. Amenenepa. Nilikaa kando yake.

"Mama Mwende. Mkono?"

"Unanyooka. Na wewe, bado unalipia filamu?"

"Niliacha. Wananiandikia kila wiki, ati wamenikosa, ati nirudi kuna bei mpya." Aliangalia barabara. "Mimi simkosi mtu saa hii. Namngoja huyu tu. Alisema saa sita."

Saa sita ilikuwa imepita. Nilimwona anaangalia watu wanaovuka, na mimi nikaanza kuangalia pia. Halafu Nekesa alitokea kati ya magari, mwanamke mzima, kibanda cha chipsi kimemchelewesha, karatasi ya mafuta mkononi, anatafuna.

"Shikamoo, Mama Mwende," aliniambia.

"Usimwamkie mtu kana kwamba umekuja mapema," mama yake alimwambia. "Simu unabeba ya nini? Nimepiga, nimepiga. Unadhani mimi sina kazi? Na hiyo chipsi, ya barabarani, na kuna chakula nyumbani nimepika na mikono yangu."

"Mama, ni dakika tu."

"Dakika. Na viatu vya wazi na mvua inakuja. Mtu mzima."

Nekesa alinipa chipsi moja juu ya kichwa cha mama yake, akanikonyezea jicho. Nilikula. Mimi niliporudi kutoka kule hapakuwa na mtu wa kunigombeza. Mapazia yalikuwa yanangojewa, na mwenyewe angenikasirikia, lakini sikusimama. Nilikaa pale ukutani nikamsikiliza Mwenyekiti akigomba mpaka akachoka.